Mguu wa Mjomba

Jumapili, 2 Machi

Kwako binti yangu Kidole,

Sitakuuliza kama u mzima. Mzigo wako umefika umefungwa kwa gundi ya karatasi kila upande, tena juu ya gundi gundi nyingine, na mtu mgonjwa hana nguvu za kufunga mzigo namna ile. Nimeukata kwa mkasi wa vitambaa, ule ambao zamani ukiugusa nilikuwa nakutoa mbio, kwa hiyo ujue nilikuwa na haraka kiasi gani.

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa, kisha nikaenda kumsomea jirani yetu mama mapacha. Hakuniomba. Nilimkuta anaanika nguo, mikono yote miwili kwenye kamba, akawa hana pa kukimbilia. Akaanza habari zake za yule mwanawe daktari wa meno. Nikamwambia meno yakishang'olewa yameisha, lakini injini kila siku ina neno jipya. Akarudi kwenye nguo zake.

Nimeelewa hivi, na kama nimekosea unirekebishe. Huko karakana kubwa mliko, simu zinafungiwa getini kwa sababu ya magari mapya ambayo hayajatoka, ndiyo maana tunaandikiana kama watu wa zamani. Umeosha vipuri vya watu mpaka vidole vimekunjamana. Sasa bosi wenu, huyo mnayemwita Stopwochi kwa ajili ya ile saa ya kupimia mbio anayoivaa shingoni, amesema mwisho wa Aprili mmoja wenu atapewa meza ya kuandika programu za injini. Kila anayeitaka alete kumbukumbu za gari moja aliloliandikia mwenyewe, zionyeshe linavyokwenda. Ukipata meza, umepata. Usipopata, mkataba unaisha na unarudi nyumbani. Na gari lako wewe ni Nyigu, na Nyigu yuko hapa uani kwangu, manjano yake yote, amefunikwa kwa turubai nililolishona mwenyewe.

Kwa hiyo programu mpya iko kwenye flashi ya bluu. Mjomba wako atachomeka laptopu yako ya zamani kwenye plagi iliyo chini ya usukani, ataipakia, ataendesha, na mimi nitakurudishia kumbukumbu kwenye flashi nyekundu kwa gari la vifurushi. Sawa?

Umeandika kwa herufi kubwa kwamba mimi nisiguse usukani. Nimeona. Hakukuwa na haja ya herufi kubwa, miwani ninayo. Ila na mimi nikukumbushe kwamba kile kigari changu cha kupelekea mapazia kimezunguka hospitali, hoteli na shule zote za hapa, na hakijawahi kugusa hata mti.

Mjomba anakuja kesho asubuhi. Amenunua glavu.

Mama yako, anayekutangaza bila kulipwa

*

Jumapili, 9 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Kila ulichoelewa ni sahihi, ila punguza kutangaza. Sijapata meza bado. Tuko wengi na wote wanajua kazi.

Herufi kubwa zile usizichukulie vibaya. Nahitaji mguu mmoja, uleule, kila safari, na nautaka wa mjomba. Unakumbuka alivyokuwa akiendesha basi? Watu wanasimama katikati bila kushika bomba, na mtu anakunywa chai kikombe kimejaa. Mimi siko kwenye gari, Mama. Sioni wala sisikii. Nina michoro tu: pedali imekanyagwa kiasi gani, petroli imeingia kiasi gani, turbo imesukuma hewa kiasi gani. Nikijua kwamba mguu ni safi, basi kila kasoro nitakayoona ni ya injini au ni ya kwangu, na nitajua pa kushika. Nisipoujua mguu, sijui chochote.

Programu hii ya kwanza nimeipa turbo nafasi ya kuvuta mapema zaidi. Nyigu atakuwa na sauti mpya, kama mtu anavuta pumzi kabla ya kupiga mbizi. Msishtuke. Mjomba aanze taratibu, gia ya pili hadi ya nne, barabara iwe tupu.

Nimelala na spana mkononi mara mbili wiki hii. Mwenzangu wa chumbani anacheka. Nina hamu ya hizo kumbukumbu kuliko hamu ya chakula.

Mwanao,
Kidole

*

Ijumaa, 14 Machi

Kwako Kidole,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Haya.

Tumempeleka Nyigu kwenye barabara mpya ya nyuma ya maghala, ile yenye lami tayari lakini bado haijafunguliwa. Msimamizi wa ujenzi ni mteja wangu, madirisha ya nyumba yake yote nimeyavalisha mimi. Akatuondolea kizuizi, akasema tusiue mtu. Wa kuuawa hakuwepo, barabara nzima ilikuwa na kunguru wawili, nao walituona mapema.

Mwanangu, umefanya nini kwenye injini hii? Zamani ukikanyaga mafuta Nyigu alikuwa anafikiri kwanza, kama karani anayetafuta miwani yake. Sasa hafikirii. Unagusa tu, anavuta pumzi, fyuuu, na kiti kinakudaka mgongo kama mtu anayekukumbatia kwa nyuma. Gia ya pili nilipiga yowe. Gia ya tatu nilicheka mpaka machozi yakaenda masikioni badala ya mashavuni, hapo ujue mwendo ulikuwaje. Mikono ilitetemeka kwa raha mpaka tukasimama. Mikono ya mjomba wako, nasema. Mimi nilikuwa pembeni na laptopu mapajani.

Tulipofika nyumbani mama mapacha alikuwa getini. Akauliza ile sauti ni ya nini. Nikamwambia binti yangu ameliandikia gari akili mpya. Akasema, "Kwani gari lina akili?" Nikamwambia la kwako halina, ndiyo maana umeuliza. Nilitia chumvi kidogo, nikasema umeshaonyeshwa meza yenyewe na ina droo. Usikasirike. Droo zitakuwepo tu.

Mjomba anakusalimu. Amelala chali sakafuni hapa sebuleni, anasema sakafu ni nzuri kwa mgongo. Ni umri, usiwaze.

Flashi nyekundu hii hapa pamoja na ya bluu, nimezishonea kifuko.

Mama yako, mwenye gari la mbio uani

*

Jumapili, 23 Machi

Mama,

Shikamoo. Kifuko ni kizuri, watu hapa wanakiulizia. Kumbukumbu nimezifungua palepale kwenye ngazi, sikungoja kufika chumbani.

Kuna habari njema na mbaya. Njema: injini ni safi. Turbo inaingia pale nilipotaka. Nilipiga kelele kwenye ngazi na mlinzi akanifuata.

Mbaya ni mchoro wa pedali. Mguu wa mjomba ungechora mlima mmoja laini, unapanda, unatulia, unashuka. Mimi naona vilima vitatu vifupi, kisha tambarare, pedali imeachwa kabisa, kisha mlima mrefu. Tena vilima vitatu, tambarare, mlima mrefu. Kila safari. Binadamu hakanyagi hivyo, na mjomba ndiye wa mwisho kukanyaga hivyo. Kwa hiyo sensa ya pedali, kile kifaa kinachopima inavyokanyagwa, inadanganya. Inaona miguso ambayo haipo.

Sensa mpya ya gari kama lile haipatikani kirahisi, na muda hautoshi. Nimeamua kurekebisha kwa programu. Nimeiambia injini isijali miguso mifupi, isubiri mguso mrefu ndipo iitike. Iko kwenye flashi ya bluu, na nyekundu nimeirudisha.

Naomba kitu kimoja. Mjomba aniandikie mwenyewe, hata mstari mmoja, aniambie anavyouhisi mguu wake kwenye pedali. Wewe Mama unanisimulia kunguru.

Kidole

*

Ijumaa, 28 Machi

Mpwa wangu,

Salamu. Mama yako amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai ambacho hajanipa.

Umeuliza habari za mguu wangu. Mguu wangu uko imara sana. Miaka yote niliyoendesha basi haujawahi kupumzika vizuri kama mwezi huu.

Gari ni zuri. Ukiwa nje unalisikia likipita, utalipenda. Kiti chake kiko chini mno. Mimi nilizoea kuwaona watu kutoka juu.

Zaidi ya hapo sina la kusema, na mama yako pia anaona sina.

Akili yako ilikuwa nzuri tangu utotoni. Itumie.

Mjomba wako

*

Jumamosi, 29 Machi

Kidole wangu,

Mjomba ameandika, umeona, mwandiko wake uko vilevile kama alama za matairi.

Programu ya pili tumeipakia. Nakuambia kweli kwa sababu umesema unataka kweli. Nyigu amebadilika. Ukimgusa hasikii. Ukimgusa tena hasikii. Ukikasirika ukakanyaga kama unaua mende, anaruka mpaka roho yako inabaki nyuma kwenye kona ukiitazama kwenye kioo. Kisha unaogopa, unaachia, naye anasinzia tena. Sijapenda. Mjomba wako hajapenda. Lakini bado ni gari la ajabu, na sauti yake ikipita kwenye maghala mabati yote yanaitikia.

Mimi sijui mambo ya sensa. Lakini ile programu ya kwanza kwani ilikuwa na ubaya gani? Ile ilikuwa inasikia. Labda wewe irudishe tu ile.

Mama mapacha ameuliza kama ile meza ina droo ngapi. Nimemwambia sizikumbuki.

Mama

*

Jumapili, 6 Aprili

Mama,

Shikamoo. Siwezi kurudisha ya kwanza tu kwa kuwa tuliipenda. Stopwochi atauliza vile vilima vitatu ni nini, na nikisema sijui, nimekwisha. Hapa hutakiwi kusema sijui mbele ya mchoro wako mwenyewe.

Na sasa mambo yameharibika zaidi. Vilima vimekuwa virefu, vina ncha kali, turbo inaamshwa na kulazwa kama mtoto mwenye homa. Nimebadilisha kipimo cha kusubiri, nimekipunguza, nimekiongeza, nimeandika upya sehemu nzima ya pedali. Nikiziba huku panatokea kule. Ijumaa bosi alipita nyuma ya kiti changu. Aliangalia mchoro, akakuna kidevu, akaenda zake. Afadhali angenitukana.

Ninachojua kwenye hesabu zangu zote ni kimoja, mguu wa mjomba. Hicho ndicho sikitilii shaka. Vingine vyote nimevigeuza juu chini, kwa hiyo kosa ni langu na silioni. Inawezekana mimi ni mtu wa kuosha vipuri tu na hakuna ubaya, vipuri vinahitaji kuoshwa.

Mwisho wa kuondoa jina ni Ijumaa tarehe 18. Nitaliondoa. Bora niliondoe mwenyewe kuliko kusomewa mbele za watu. Usimwambie mama mapacha bado. Nitakuja kukusaidia mapazia.

Kidole

*

Ijumaa, 11 Aprili

Mwanangu Kidole,

Hii barua nimempa dereva wa gari la vifurushi mkononi mwake, nikamwambia akichelewa asije tena kushonewa suruali.

Usiondoe jina. Mguu si wa mjomba. Mguu ni wangu.

Siku ile ya kwanza mjomba wako alivaa glavu zake, akafungua mlango wa Nyigu, akaingia vizuri. Kutoka ndiko hakukuwezekana. Alikuwa amesahau miwani ndani ya nyumba, akataka kushuka aifuate, mgongo ukasema kra, akabaki amekunjika palepale na glavu zake. Tulimtoa mimi, seremala wa ng'ambo ya barabara na mama mapacha, tukimvuta kama muhogo. Mpaka leo akiona kiti cha chini anashika kiuno. Daktari amemwambia asiendeshe hata baiskeli.

Nikakaa uani nikaitazama flashi yako ya bluu. Nikasema nikimwandikia kwamba mjomba hawezi, mtoto huyu atasema basi tena, atafunga begi, nakujua. Ulishataka kufunga begi mwezi wa kwanza kwa sababu ya baridi ya maji ya kuoshea vipuri. Nikasema mimi leseni ninayo, miguu ninayo miwili, kwani mafuta yanajua ni nani anayakanyaga? Kumbe yanajua.

Nilidhani ni safari moja. Kisha nikaonja ile gia ya tatu, Mungu anisamehe, nikaipenda. Hapo sitakudanganya. Uliposema sensa inadanganya nilijisemea kompyuta ndiyo itajua, wasomi watarekebisha. Uliposema umebaki na kitu kimoja usichokitilia shaka, na kitu chenyewe ndicho hicho nilichokupa cha uongo, kikombe kimenianguka. Domo langu hili linalokutangaza kila kona, neno moja tu ulilolihitaji ndilo nililolifungia.

Kosa si lako, wala si la sensa. Injini yako ni nzuri. Ulikuwa unamtibu mzima.

Nikaripie ukipata nafasi, lakini kwanza kaa kwenye hicho kiti uandike programu.

Mama yako

*

Ijumaa, 11 Aprili

Mama,

Barua hii itapishana na yako njiani kama uliandika, kwa hiyo sijui kama umeshasema. Kama hujasema, usihangaike. Nimeshajua.

Leo mchana nilikuwa kwenye meza ya kulia chakula, ile michoro iko mbele yangu, nimeiweka chini ya sahani nisiione, na bado pembe ilikuwa inachungulia. Nikaanza kuigonga kwa ukucha bila kufikiri, nafuata mstari wa pedali. Vilima vitatu: tr, tr, tr. Tambarare: kimya. Mlima mrefu: trrrrrrr. Nikarudia. Tr, tr, tr. Kimya. Trrrrrrr.

Mama, nimelala utoto wangu wote chini ya cherehani yako, juu ya vipande vya mapazia. Hiyo sauti ndiyo iliyonilaza. Mishono mitatu ya kufunga uzi. Kimya, unageuza kitambaa kwenye kona. Kisha unashuka na pindo moja kwa moja mpaka mwisho. Nilisimama na mkate mdomoni. Watu walidhani nimekabwa.

Sensa haidanganyi. Sensa ni mkweli kuliko ukoo wetu wote. Unafunga uzi kila ukitaka kuondoka, Mama. Ukifika konani unaachia kila kitu, unageuza, ndipo unakanyaga tena. Mguu safi kabisa, haujabadilika hata safari moja, ila ni wa cherehani. Na mimi nimekaa wiki tatu naifundisha injini isikusikie.

Nimekasirika. Nitakasirika vizuri nikipata nafasi, sasa hivi sina, kwa sababu nimekimbia kutoka pale mezani moja kwa moja mpaka kwenye kompyuta na tangu hapo sijainuka. Nimeitupa ile ya kusubiri. Nimerudi kwenye ya kwanza, uliyosema inasikia, nikaiongezea kitu kimoja: ikiachiwa ghafla baada ya miguso mifupi, turbo isilale. Ibaki imeshika pumzi, ingoje, maana anageuza kitambaa na anarudi. Sijawahi kuandika kitu haraka hivi. Vidole vilikuwa vinajua.

Kisha nikaenda kwa Stopwochi nikamweleza yote, mjomba, wewe, cherehani. Nilijua atanifukuza. Alinirudishia michoro yangu. Halafu akasema, "Tarehe ishirini na tano sitaki karatasi. Mlete huyo mguu hapa, na gari lake."

Mama, utaweza? Seremala ana lori. Programu nitaipakia mwenyewe mkifika. Usimwendeshe Nyigu barabara kuu, nakuomba. Herufi hizi ndogo, lakini nakuomba.

Kidole

*

Jumapili, 27 Aprili

Kwako fundi wangu,

Nimefika nyumbani salama. Nyigu naye yuko chini ya turubai lake. Mjomba alikaa mbele kwenye lori njia nzima, juu, akiwaona watu wote, sijamwona na furaha hivyo tangu aache basi.

Ijumaa ulinikumbatia ukaniacha, watu wakakuzunguka, lori likawa linaondoka. Hatukuongea. Na kuna jambo hulijui, kwa sababu wewe ulikuwa kule bandani na vidude masikioni ukitazama kioo cha kompyuta yako, na mimi nilikuwa ndani ya gari na bosi wako. Kwa hiyo nakusimulia.

Aliingia amekunja magoti mpaka kidevuni, na ile saa yake shingoni. Akasema, "Mama, endesha kama unavyoendesha kila siku. Usinionyeshe kitu."

Nikamwambia, "Baba, mimi kila siku naonyesha."

Hakucheka, lakini masharubu yalitingishika.

Nikafunga uzi, kama unavyosema wewe, tr, tr, tr, nikaondoka. Mwanangu. Ile barabara yenu ya majaribio ni nyororo kama kitambaa cha satini, na Nyigu alikuwa ananisikia mpaka mawazo. Gia ya pili, gia ya tatu, anavuta pumzi na kuondoka. Nikafika kona ya kwanza nikaachia kila kitu, nikageuza. Nilitegemea asinzie kama zamani. Hakusinzia. Alikuwa ananingoja pale pale konani, pumzi amezishika, na nilipogusa tu akashuka na pindo lote mpaka mwisho. Nilipiga yowe. Bosi wako alishika mlango.

Akaniuliza, "Pale konani ulikuwa na wasiwasi?"

Nikasema, "Hapana, nilikuwa nageuza."

"Na gari halikushtuka."

"Limefundishwa."

Tukaenda raundi nyingine. Alikuwa hatazami tena saa, anatazama mguu wangu. Nikamwambia, "Utaumwa shingo." Akasema, na haya ni maneno yake, sijatia chumvi hata punje, "Unajua, Mama, wengi wanaoniletea magari ya mbio wanakanyaga kama wewe. Hawasemi tu. Mafundi wangu wote wanaandika kwa ajili ya madereva wetu wa majaribio, halafu wateja wanarudi wakilalamika kwamba gari halielewi. Huyu wako ni wa kwanza kuniletea gari lililomsikiliza mwenye mguu."

Moyo ulinidunda mpaka nikadhani ni injini. Halafu akasema, "Meza ni yake."

Nikafungua mdomo. Bado tulikuwa mbali na banda, kioo cha dirisha kiko chini, na sauti yangu unaijua. Akainua mkono. "Hapana, Mama. Hilo ni langu kumwambia. Ukishuka hapa, hujui kitu."

Kidole, mimi mama yako. Mimi niliyemsomea barua yako mwanamke aliyekuwa anaanika nguo. Nikafunga mdomo. Kutoka kona ya mwisho mpaka bandani nilifunga mdomo. Nikashuka, ukaja mbio ukanishika mikono, macho yako yamejaa, ukaniuliza, "Mama, vipi? Amesema nini?"

Nikasema, "Kiti kinabana."

Nikaona uso wako ulivyoanguka. Na yeye, yule mtu, akaenda kwanza kunywa maji. Akafuta mikono, kidole kimoja kimoja. Nilikuwa nimeuma mtandio wangu mpaka ukatoboka, nitakuonyesha. Mjomba aliniona kutoka kule juu kwenye lori akadhani nimepatwa na kitu. Nilijiambia, neno moja nililifunga wakati ulilihitaji na nikakuponza. Hili nalo nitalifunga, mara hii kwa faida yako, ulisikie kutoka kinywa kinachostahili, mbele ya wenzako wote, wala si kutoka kwa mama anayekusifia kila kitu tangu jino la kwanza.

Halafu akasema. Ukarukaruka. Nami nikaangua kilio mpaka ukaja kunibembeleza, "Mama, basi, ni habari njema." Najua ni habari njema. Nililia kwa sababu nimeruhusiwa kupumua.

Sasa nimeshapumua. Mama mapacha amesikia, seremala amesikia, msimamizi wa ujenzi amesikia, na dereva wa vifurushi amesikia mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakusimamisha gari. Mama mapacha alikuja mwenyewe na kunishika mkono. Akasema yule wake wa meno anauliza kama unaweza kumrekebishia gari lake. Nimesema nitamwombea nafasi kwako, una kazi nyingi.

Ile programu usiiondoe kwenye Nyigu. Nimeanza kumpelekea mapazia mepesi, ya jikoni na ya bafuni, yanatosha kwenye kile kiti cha pembeni. Napita barabara ya ndani, mwendo wa adabu. Wateja wanatoka nje kupokea hata kabla sijapiga honi.

Meza yako niliiona nilipokuwa nafuta machozi. Haina droo. Nimejisikia vibaya, nikapima kwa jicho, na jana nimekushonea kitambaa cha kuifunika, chenye mifuko mitatu kwa chini, kwa hiyo sasa tuseme ina droo. Kimo kwenye kifurushi hiki. Pindo lake lina kona nne. Pitisha kidole taratibu kwenye kila moja, utajua mahali nilipoachia pedali, nikageuza, nikaendelea.

Mama yako,
mwenye mguu